Neno MAWESE kwenye lebo linasomeka MA WESE. Nafasi za herufi nazirekebishaje?

Stesheneri_Mwanga

Wakuu, habari za jioni.

Nina stesheneri ndogo hapa Kigoma mjini, pande za Mwanga. Photokopi, kuchapa barua, kadi za harusi, na siku hizi nembo na lebo za wajasiriamali. Kuna mama mmoja anakamua mawese na kuyafunga kwenye chupa za lita moja na madumu ya lita tano. Anataka jina lisimame lenyewe, bila mchoro wa mchikichi wala tone la mafuta, maana anasema lebo zote sokoni zina mchikichi. Nikamwelewa. Tukakubaliana neno MAWESE kwa herufi kubwa nene, na chini yake KIGOMA kwa herufi kubwa pia lakini za kimo kifupi, zilizoachanishwa.

Alipoona mfano wa kwanza akaniuliza, "Mbona umeandika maneno mawili?" Nikatazama vizuri. Kweli, MA zimekaa pamoja, halafu uwazi, ndiyo inaanza WESE. Na kwenye programu sijagusa chochote, nafasi ni ileile kwa herufi zote. Nikaisogeza W mpaka ikakaribia kuigusa A. Sasa tatizo limehama: M imebaki peke yake pembeni, A na W zimegandana, na ESE zinaonekana zimebanwa mlangoni. Nikirekebisha hapa, kule kunaharibika.

La pili, ile KIGOMA ya chini nimeiweka katikati kwa kitufe cha kuweka katikati, lakini jicho langu linaniambia imeenda kushoto kidogo. Nimepima tena, programu inasema iko katikati. Nani mkweli?

Natumia Canva kwenye simu na CorelDRAW kwenye kompyuta. Lebo zitachapwa kwenye karatasi ya gundi, na jina hilohilo litakatwa kwa mashine ya stika libandikwe kwenye kioo cha mlango wa duka lake. Kuna kipimo maalumu, yaani milimita ngapi kati ya herufi na herufi? Mteja anataka kazi wiki hii.

Nawasilisha.

Kapicha_255

Dada, badilisha fonti tu. Hizo za kupakua bure nyingi hazina jedwali la jozi. Fonti iliyotengenezwa vizuri inakuja na orodha ndani yake inayoiambia kompyuta kwamba A ikikutana na W, sogeza kiasi fulani. Fonti ya ovyo haina hiyo orodha, kila herufi inakaa na kiti chake bila kujali jirani ni nani. Na kama uliandika kwenye Word kwanza ukahamisha, ujue Word ina kisanduku cha kuruhusu jozi hizo kwenye mipangilio ya herufi, na huenda hakijawekewa tiki, hasa kwenye Word za zamani.

Mzee_wa_Brashi

Mwanangu, marahaba kabla hujanisalimu.

Mimi naandika majina ya maboti na mitumbwi, Kibirizi na Katonga, na vibao vya maduka tangu kabla mabango ya kuchapa hayajafika huku. Kompyuta wanajua wanangu, mimi nimewekewa tu humu ndani nisome. Lakini swali lako halina kompyuta ndani yake. Mtu wa chaki na brashi anakutana nalo kila siku.

Umeuliza milimita ngapi. Hakuna. Chukua rula, weka sentimita moja sawasawa kati ya kila herufi, neno litatoka bovu. Mteja akilalamika utamwonyesha rula, naye atakuonyesha neno, na yeye ndiye mwenye pesa. Jicho halipimi umbali wa ukingo kwa ukingo. Linapima hewa iliyobaki kati ya herufi mbili, toka juu hadi chini. Fikiria unayamimina hayo mawese ya huyo mama kwenye kila pengo la neno lake: kila pengo linatakiwa linywe kiasi kilekile, hata kama umbo la pengo ni tofauti.

Sasa tazama. I na N zikikaa jirani ni mistari miwili iliyosimama wima, pengo lake lina pande zilizonyooka, sentimita moja ni sentimita moja toka juu hadi chini. Hizo ndizo unazipa nafasi kubwa kuliko zote. Wima ikikutana na duara, kama I na G kwenye KIGOMA, punguza kidogo, kwa sababu duara linajikunja juu na chini na kuacha hewa kwenye kona. Duara kwa duara, G na O, punguza tena. Halafu wanakuja wenyewe wasumbufu: A, V, W, Y ambazo zimeinama, na T, L, K ambazo zina uwazi ubavuni. Hao unawasogeza hadi karibu na kugusana na bado pengo linaonekana kubwa.

Neno lako lina wasumbufu wawili wamefuatana, A na W. Mguu wa kulia wa A unashuka kwenda kulia, na mkono wa kushoto wa W nao unashuka kwenda kulia. Kati yao unabaki mfereji ulioinama. Huo ndio mama ameuona. Uliposogeza W ulifanya jambo la haki, ila ulianza pasipofaa.

Usianze na pengo linalokukera. Anza na pengo ambalo halibanikiki. Katika MAWESE pengo hilo ni la M na A. Sogeza A mpaka mguu wake unataka kuigusa M pale chini, basi, umefika mwisho. Juu bado kuna pembetatu tupu na huwezi kuifanya lolote. Kwa hiyo hilo ndilo pengo mkubwa wa nyumba, na wengine wote wanakuja kwake, yeye haendi kwao. Achia kati ya M na A upenyo mdogo unaokufaa kwa uchapaji, kisha usiguse tena.

Sasa angalia W na E. W inapanda kwenda kulia, E imesimama wima. Pembetatu ileile, ila hii tupu iko chini badala ya juu. M-A na W-E karibu ni mapacha. Zipe upenyo ule ule kwa rula kabisa, hapo tu rula naruhusu, kisha jicho likague. Baada ya hapo A na W: sogeza taratibu hadi mfereji uchukue hewa sawa na zile pembetatu mbili. Utakuta huhitaji kuzigandisha. Zinabaki na mwanya, tena mwanya unaoonekana.

Halafu ndiyo uje kwa ESE. Wewe ulikuwa unabana upande wa kushoto wakati kazi ilikuwa kufungua upande wa kulia. E na S, S na E, zifungue mpaka zipumue kama wenzao. Neno zima litakuwa refu kidogo kuliko ulivyopanga. Punguza kimo cha herufi, usipunguze nafasi.

Ukimaliza, geuza karatasi miguu juu. Neno likipinduliwa ubongo unaacha kusoma unaanza kuona maumbo. Mashimo yanajitokeza yenyewe. Kisha ziba kwa vidole ubakize herufi tatu tatu: MAW, halafu AWE, halafu WES, halafu ESE. Katika kila tatu, ya katikati iko katikati kweli? Ikiegemea upande, isogeze. Mimi kwenye boti siwezi kulipindua boti, basi nafumba macho nusu na kurudi nyuma hadi mchangani, au natuma kijana apige picha kwa simu aipunguze ukubwa.

Kuna maneno rahisi na maneno ya adhabu. LIEMBA ni rahisi. Karibu herufi zote zina mgongo wima, unahangaika na B na A tu mwishoni. Wajerumani waliitengeneza ile meli Papenburg mwaka 1913, ikaja vipande vipande, ikashushwa majini hapa Kigoma mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Wakaizamisha wenyewe 1916. Waingereza wakaiibua 1924, na iliporudi kazini 1927 ikawa Liemba. Sijui walikuwa na sababu gani zao za kisiasa, ila kwa mshika brashi anayening'inia kwenye ubavu wa meli, herufi sita badala ya jina lile refu ni sadaka.

Maneno ya adhabu ni WAVUVI na DAGAA. WAVUVI ina W-A-V mfululizo, zote zimeinama, kisha U na V na I. Mtu wa boti anasema andika kubwa, ubao wenyewe umepinda, W inatazama ziwa na I inatazama mlima. DAGAA ina A mbili zinazofuatana. Miguu inagusana chini, juu kunabaki bonde. Hakuna fundi wa kulifunga. Unalikubali, halafu unafungua D, A na G mpaka zilingane nalo. Ndiyo sababu ukiona DAGAA imeandikwa kwa kubanwa, unasoma DAG-A-A.

Na kitu kimoja cha kupanga kabla hujaanza: herufi si sawa kwa upana. Mimi nikigawa ubao, I nahesabu nusu, M na W nahesabu moja na nusu, zilizobaki moja moja. MAWESE si sita, ni saba. Ukigawa kwa sita, E ya mwisho itabanwa ukingoni, na hapo ndipo watu huanza kuminya nafasi.

Reli_ya_Kati

Mzee, kwani mnunuzi anapima mapengo au anaonja mawese? Mimi nanunua kwa rangi na harufu. Hiyo lebo ningeibandua nitumie chupa kuwekea maji.

Asali_na_Wino

@Reli_ya_Kati mnunuzi hapimi, ila mama mwenye mawese ameona maneno mawili bila kufundishwa na mtu, na yeye si mchoraji. Mei 2014 Google walisogeza g ya nembo yao pikseli moja kulia, na l pikseli moja kulia na moja chini. Wasingejisumbua kama hakuna jicho linaloona. Na ule mshale mweupe kati ya E na x kwenye FedEx, kazi ya Lindon Leader mwaka 1994, ni nafasi tupu iliyopangwa. Hakuna aliyeuchora mshale, zimechorwa herufi za pembeni yake.

Turudi kwa dada. Shikamoo Mzee wa Brashi, umemaliza upande wa jicho. Mimi niko Tabora, nafanya lebo za asali, naongeza ya kwenye mashine.

Kwanza utaratibu. Amua nafasi ya jumla ya neno zima, wenyewe wanaita trakingi, kabla ya kugusa jozi moja moja, yaani kerningi. Ukirekebisha jozi halafu ukafungua neno zima, uwiano unahama na unaanza upya. Kwenye CorelDRAW bonyeza F10, utaona kisanduku kidogo mguuni mwa kila herufi. Kamata hicho usogeze herufi moja bila kuvunja neno, bado linabaki maandishi. Kwenye Illustrator weka kishale kati ya herufi mbili, shika Alt na mshale wa kushoto au kulia. Kila mbofyo unasogeza sehemu 20 kati ya 1000 za ukubwa wa fonti, na hiyo 20 ni kubwa kwa kazi ya nembo, ipunguze kwenye mipangilio. Inkscape, ambayo ni ya bure, ni Alt na mshale vilevile. Hapo kadiri ulivyovuta karibu ndivyo inavyosogea kidogo, kwa hiyo vuta karibu kwanza.

Canva ina kitelezi cha nafasi, lakini kinafungua neno zima. Ukitaka jozi moja moja humo inabidi kila herufi uiandike kwenye kisanduku chake na kuzipanga kwa mkono. Inawezekana, ila mwisho wa siku utachoka, na ukibadilisha fonti umeanza upya. Fanya Corel.

Pili, KIGOMA yako. Jicho lako ndilo kweli, na programu pia haisemi uongo. Ukiachanisha herufi, programu inaweka nafasi baada ya kila herufi, ikiwemo ile ya mwisho. Kwa hiyo baada ya A ya KIGOMA kuna kipande cha hewa kisichoonekana ambacho kinahesabiwa ndani ya upana wa neno. Ukiweka katikati, unaweka katikati neno pamoja na hicho kipande, na herufi zenyewe zinasukumwa kushoto kwa nusu yake. Kadiri ulivyoachanisha sana ndivyo inavyoonekana. Dawa yake: chagua A ya mwisho peke yake uirudishe sifuri. Programu isipokubali, sogeza neno zima kulia kwa mkono, nusu ya nafasi uliyoweka kati ya herufi. Baada ya hapo angalia tena kwa jicho, maana A yenyewe imechongoka juu, K ina mgongo ulionyooka, na upande wa A utaonekana mwepesi kidogo.

Tatu, hili nalisema kwa uchungu kidogo. Lugha yetu imejaa A, na imejaa W na Y na K zinazogusana nayo. KAHAWA, WAKULIMA, MAYAI, VYAKULA, YA, WA, KWA. Andika KAHAWA kwa herufi kubwa kwenye fonti yoyote ya bure: K-A shimo, A-H shimo, H-A shimo, A-W mfereji, W-A mfereji. Mtu anayeandika lebo kwa Kiingereza anaweza kupita wiki nzima bila kukutana na neno la namna hiyo. Sisi linatungoja kwenye kila gunia. Fonti nzuri itakupunguzia kazi, hapo naungana na Kapicha, ila haitamaliza. Na kuna NG'OMBE, ambayo hakuna fonti niliyoiona ikiipanga vizuri. Ile alama inaelea juu, chini yake kunabaki tundu kati ya G na O. Mimi naiingiza O hadi karibu iwe chini ya alama, na natumia alama iliyopinda, si ile iliyosimama kama kijiti. Kwenye lebo ya samli nimeona watu wameandika NG OMBE kabisa, alama imedondoka na nafasi imebaki.

Hata TABORA yetu, ukiiacha ilivyo, T na A zinaachana kwa sababu bega la T liko juu na mguu wa A uko chini, hazikutani popote. Nikiandika ASALI YA TABORA kwa herufi kubwa napoteza muda kwenye YA na TA kuliko sehemu nyingine yote ya lebo.

Enzi za kuchapa kwa herufi za madini ya risasi lilikuwa gumu zaidi. Kila herufi ilikaa kwenye kipande chake cha madini hayo, na V haikuweza kuingia juu ya mguu wa A mpaka mtu achonge vile vipande viwili kwa tupa au msumeno. Huku kwetu Tabora uchapaji ni wa siku nyingi, mtu mwenye vitabu vya zamani ataona kwenye ukurasa wa mwanzo TMP Book Department, Tabora, yaani Tanganyika Mission Press. Ukipata kitabu cha umri huo, tazama vichwa vya herufi kubwa. Mafundi waliokuwa makini hawakuzibana A na V, walizifungua zile zilizonyooka ziwafuate. Ndilo jambo lile lile Mzee amekuambia kwa M na A.

Mwisho, ushauri ambao mteja wako huenda akaukataa: jaribu Mawese, M kubwa na zilizobaki ndogo. a, e, s, e zote zina matumbo ya duara, w ndogo ni fupi, mfereji unapungua zaidi ya nusu. Kazi ya saa nzima inakuwa ya dakika chache.

Mzee_wa_Brashi

Mwanangu wa Tabora, marahaba. Hiyo ya herufi ndogo siikatai, ila kwenye dumu la lita tano lililo juu ya baiskeli, herufi kubwa zinaonekana toka mbali. Mama amechagua vizuri.

Stesheneri_Mwanga

Shikamoo Mzee. Na asante @Asali_na_Wino, KIGOMA imekaa! Nimerudisha A ya mwisho sifuri na neno limehama lenyewe. Mteja hajui nimefanya nini, amesema tu "sasa hivi imetulia."

MAWESE nimefanya kama mlivyosema. M na A nimeziacha na upenyo mwembamba, W na E nimezipa uleule, kisha nikaisogeza A-W. Kweli, nilikuwa nimeibana kupita kiasi. Kazi kubwa ilikuwa ESE. Kwenye skrini nilipofungua S niliona nimezidisha, nikaichapa kwenye karatasi ya kawaida na kuipindua, nikaona bado inataka. S ni ya ajabu, tumbo lake la juu na la chini haliko sawa, nikiipindua inaonekana herufi nyingine.

Herufi ndogo nilimwonyesha pia. Amekataa moja kwa moja, kasema inafanana na jina la mtu.

Sasa swali jingine. Kuna lebo ndogo ya kwenye kifuniko, duara tu. Nimeipunguza MAWESE ileile ikaingia, lakini ikichapwa A na W zinaonekana zimeshikana tena, na E zimejaa wino. Na ile ya kioo cha mlango, fundi wa stika anasema nimletee jina tu, yeye ataliandika kwenye mashine yake.

Kapicha_255

Hapo kwenye kifuniko usitumie ileile. Tengeneza toleo la pili. Herufi zikiwa ndogo zinataka hewa zaidi, zikiwa kubwa zinataka hewa pungufu. Wino unatanuka kwenye karatasi, ule upenyo uliokuwa unaonekana kwenye lebo kubwa unamezwa. Fungua neno zima kidogo kwa ajili ya kifuniko, na kama fonti yako ina unene wa chini yake, shuka hatua moja. KIGOMA iondoe kabisa hapo, hakuna atakayeisoma.

Mzee_wa_Brashi

Sawa kabisa hilo la kifuniko.

Kioo sasa. Stika itakuwa nyeupe? Kama duka ndani lina giza mchana, nyeupe juu ya giza inatanuka machoni. Herufi zinaonekana nene kuliko zilivyo na mapengo yanapungua. Fungua kidogo kuliko ya lebo. Jambo la pili, nani atausoma huo mlango? Anayepita barabarani haji mbele ya kioo akasimama wima. Anaona kwa pembeni akitembea, na kwa pembeni herufi zinajikunja, mapengo ya wima yanaziba kwanza. Waingereza walipotengeneza vibao vyao vya barabarani, Jock Kinneir na Margaret Calvert, kila herufi waliiwekea kigae chake chenye nafasi yake pembeni, fundi yeyote anavipanga tu na neno linatoka limefunguka vya kutosha kwa dereva. Nafasi zile ukiziweka kwenye kitabu zingeonekana zimepitiliza. Kwa mlango wako simama ng'ambo ya barabara, mwambie mtu ashike karatasi kwenye kioo, tembea.

Tatu, kisu cha mashine. Upenyo ukiwa mwembamba mno, fundi anapobandua mabaki ya stika kati ya A na W anang'oa na kipande cha herufi. Na kama zimegusana bila kuunganishwa kuwa umbo moja, kisu kinafuata mistari yote miwili na kukata katikati ya mguu. Ama ziachane waziwazi, ama ziwe kitu kimoja. Usiache katikati.

Asali_na_Wino

Na huyo fundi asiandike chochote! Ukimpa jina tu, au hata ukimpa faili lenye maandishi, kompyuta yake isipokuwa na fonti yako itaweka nyingine, na nafasi zote ulizohangaika nazo zinarudi mwanzo. Hifadhi nakala yako yenye maandishi, kisha tengeneza nakala nyingine, chagua neno, bonyeza Ctrl na Q. Hapo herufi zinakuwa michoro, si maandishi tena, hakuna mashine itakayozipanga upya. Mpelekee hiyo. Na mwambie asiivute upande mmoja ili ijae kioo. Akikuza, akuze kwa kona.

Stesheneri_Mwanga

Ndiyo natoka kwake. Alikuwa ameshaliandika kwa fonti yake, tena amelivuta lijae kioo kizima, MA upande huu, WESE upande ule. Nimempa faili la michoro. Anasema atakata kesho asubuhi umeme ukiwepo.

@Mzee_wa_Brashi, mama anauliza kama unaandika kwenye madumu pia, maana yale ya lita tano karatasi ya gundi inabanduka mafuta yakimwagika.

Mzee_wa_Brashi

Naandika. Ayaoshe kwa sabuni kwanza, yakauke kabisa, halafu alete machache nijaribu rangi. Dumu lina mbavu, E ya mwisho lazima nijue inaangukia wapi kabla sijashika brashi.